Dhima ya Chombo na Dhima ya Mkono: Mjadala wa Utekelezaji wa Hakimiliki Nchini Marekani, 1976–2013

Mnamo Novemba 1976 kampuni mbili za filamu za Marekani, Universal City Studios na Walt Disney Productions, zilifungua shauri katika mahakama ya shirikisho jijini Los Angeles. Wadaiwa walikuwa kampuni ya Sony ya Japani na tawi lake la Marekani, maduka manne yaliyouza deki za video aina ya Betamax, wakala wa matangazo ya biashara, na mtu mmoja wa kawaida aliyekuwa na deki nyumbani kwake. Huyo wa mwisho mara nyingi hupitwa harakaharaka, ilhali ndiye anayestahili kutazamwa kwanza. Alikuwa mteja wa mawakili wa upande wa wadai, alikubali kwa hiari yake kuingizwa katika orodha ya wadaiwa, na hakudaiwa hata senti moja. Aliwekwa pale kwa sababu ya kisheria tu: ili Sony ipatikane na dhima ya kuwezesha ukiukaji wa hakimiliki, sharti kwanza apatikane mkiukaji.

Miaka 27 baadaye, Septemba 8, 2003, kampuni za muziki za nchi hiyohiyo ziliwafungulia mashauri watumiaji 261 kwa siku moja, na safari hii fedha zilidaiwa kweli. Makala hii inachunguza jinsi mtu wa kawaida alivyoondoka katika nafasi ya mdaiwa wa jina tu na kuwa mdaiwa halisi. Hoja inayotetewa ni kwamba mabadiliko hayo hayakutokana na mwamko mpya wa kimaadili kuhusu wizi wa kazi za sanaa. Yalitokana, kwa sehemu kubwa, na mwenendo wa mashauri yenyewe: kila chombo kilipoachiwa huru na mahakama, mwenye haki alitafuta mwingine wa kumdai, na aliyebaki alikuwa mwenye mkono uliobonyeza kitufe.

Lugha ya Kiswahili inasaidia kulieleza jambo hili kwa sababu inatenganisha wajibu na dhima. Wajibu ni jambo ambalo mtu anapaswa kulitenda hata kama hakuna hakimu anayemtazama. Dhima ni mzigo anaotwishwa na sheria. Katika mjadala wa Marekani mambo haya mawili yalichanganywa mara kwa mara. Waliotetea watumiaji walizungumza kana kwamba kukosekana kwa dhima kunafuta wajibu. Waliotetea kampuni walizungumza kana kwamba uwepo wa wajibu unahalalisha dhima ya kiasi chochote kile.

Chanzo cha shauri la Betamax kilikuwa tangazo. Wakala wa Sony aliandaa tangazo la kuwaeleza wateja kwamba hawahitaji tena kukosa kipindi cha Kojak kwa sababu wanatazama Columbo. Vipindi vyote viwili vilikuwa vya Universal. Kwa mtengenezaji wa deki, hiyo ilikuwa njia rahisi ya kueleza manufaa ya bidhaa yake. Kwa mwenye filamu, ilikuwa ni kampuni ya kigeni kumfundisha mtazamaji namna ya kunakili mali ya mwingine. Jaji Warren Ferguson aliamua mwaka 1979 kwamba kurekodi nyumbani kwa matumizi binafsi hakukiuki sheria. Miongoni mwa waliotoa ushahidi alikuwamo Fred Rogers, mtangazaji wa vipindi vya watoto, ambaye hakuona ubaya wa familia kurekodi kipindi chake na kukitazama kwa wakati unaoifaa. Mwaka 1981 Mahakama ya Rufaa ilitengua uamuzi huo, na kwa muda wa zaidi ya miaka miwili Wamarekani waliomiliki deki waliishi chini ya hukumu iliyowahesabu kuwa wakiukaji. Hakuna aliyewagongea mlango. Mwaka 1982 Jack Valenti, msemaji mkuu wa kampuni za filamu, aliwaambia wabunge kwamba deki kwa tasnia ya filamu ni sawa na muuaji maarufu wa Boston kwa mwanamke aliye peke yake nyumbani. Ulinganisho huo umebaki kuwa kielelezo cha jinsi hofu ya biashara inavyoweza kuvishwa vazi la jinai.

Mahakama ya Juu ilitoa hukumu Januari 17, 1984, kwa kura tano dhidi ya nne. Jaji John Paul Stevens, akiandika kwa niaba ya walio wengi, aliazima kanuni kutoka sheria ya hataza: muuzaji wa kifaa hana dhima kwa makosa ya wateja iwapo kifaa hicho kina matumizi halali ya kiwango cha maana. Mantiki yake haihitaji maelezo mengi kwa msomaji anayejua kuwa muuza panga hafikishwi mahakamani kwa sababu ya ugomvi wa mpakani. Jambo lisilofahamika sana ni jinsi matokeo yalivyokaribia kuwa kinyume. Nyaraka za Jaji Thurgood Marshall, zilizofunguliwa mwaka 1993, zilionyesha kwamba katika kura ya awali walio wengi walielekea kuihukumu Sony, na kwamba Jaji Harry Blackmun, ambaye maoni yake yalikuja kuchapishwa kama ya walio wachache, alikuwa amepewa jukumu la kuandika hukumu yenyewe. Shauri likasikilizwa upya Oktoba 1983, na mizani ikageuka.

Hukumu ya 1984 imesifiwa kupita kile ilichokisema. Ilihalalisha kurekodi kipindi cha televisheni ya bure ili kukitazama baadaye. Haikuamua iwapo mtu anaweza kujiwekea maktaba ya kanda zilizorekodiwa, wala haikutamka kwamba matumizi ya nyumbani ni halali kwa sababu tu ni ya nyumbani. Mtumiaji aliachwa huru kwa tendo moja. Kwa mengine yote alibaki katika kivuli. Kivuli hicho hakikumsumbua mtu kwa miaka mingi kwa kuwa kumdai mtu mmojammoja hakukuwa na faida, na kwa kuwa biashara ya kanda za filamu, ileile iliyohofiwa, iligeuka ndani ya muongo mmoja kuwa chanzo cha mapato kilichozidi yale ya majumba ya sinema. Sony nayo ilinunua kampuni ya muziki ya CBS Records mwaka 1988 na studio za Columbia Pictures mwaka 1989. Aliyekuwa mtetezi wa chombo akawa mmiliki wa kazi.

Kulikuwa na njia ya tatu. Sheria ya mwaka 1992 kuhusu urekodi wa sauti majumbani iliweka tozo ya asilimia 2 kwa mashine za kidijitali za kurekodi sauti na asilimia 3 kwa kanda zake, ili fedha hizo zigawiwe wenye haki, na mtumiaji asishtakiwe. Lakini sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya mashine ambazo soko lilikuja kuzipuuza. Kompyuta haikuguswa.

Napster ilianza Juni 1999, ikiwa kazi ya Shawn Fanning, kijana aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu jijini Boston. Programu hiyo haikuhifadhi nyimbo. Ilihifadhi orodha ya walio nazo. Orodha hiyo ndiyo iliyoiangusha. Mahakama ya Rufaa iliamua Februari 2001 kwamba mwenye uwezo wa kujua na kuzuia hawezi kujificha nyuma ya hukumu ya Betamax, kwa sababu Sony ilikuwa imeuza deki na kuondoka, ilhali Napster ilibaki na wateja wake kila siku. Huduma ikazimwa Julai mwaka huo. Hata hivyo, tukio lenye uzito zaidi kwa mada hii lilikuwa limetokea Mei 2000, pale mpigangoma wa kundi la Metallica, Lars Ulrich, alipofika katika ofisi za Napster akiwa na orodha ya majina ya watumiaji zaidi ya 300,000 waliotuhumiwa kubadilishana nyimbo za kundi hilo. Majina hayo yalikuwa ya kubuni, ya mtandaoni. Lakini kwa mara ya kwanza umati usio na sura ulikuwa umehesabiwa, na kila aliyehesabiwa aliweza, kimsingi, kutafutwa.

Waliounda programu zilizofuata walilisoma somo la Napster vizuri mno. Grokster na StreamCast ziliondoa kabisa orodha ya kati, na Aprili 2003 Jaji Stephen Wilson alikubali kwamba, kwa kufuata Betamax, kampuni hizo hazikuwa na dhima. Miezi miwili baadaye chama cha kampuni za muziki, RIAA, kilitangaza kwamba kitawashtaki watumiaji, na mashauri ya kwanza yakafunguliwa Septemba. Mfuatano huu wa tarehe ni ushahidi mzito kuliko hotuba zote za wakati huo kuhusu kuwafundisha vijana maadili. Ni kweli kwamba kampuni zilikuwa na hasara ya kulalamikia: mauzo ya muziki yaliyofikia takriban dola bilioni 14.6 mwaka 1999 yalikuwa yanashuka, na wanamuziki, watunzi na mafundi wa studio hawakula kwa nadharia. Lakini iwapo Grokster ingepatikana na hatia Aprili 2003, ni vigumu kuona kwa nini wenye haki wangechagua gharama na fedheha ya kuwashtaki wateja wao wenyewe. Mahakama ya Juu ilipogeuka Juni 27, 2005 na kuamua kwa kauli moja kwamba anayesambaza chombo kwa nia ya kuchochea ukiukaji anabeba dhima, maelfu ya watu walikuwa tayari wamekwishalipa.

Miongoni mwa wadaiwa wa mwanzo alikuwamo msichana wa miaka 12 wa New York, ambaye mama yake alilipa dola 2,000 ili shauri liishe. Alikuwamo bibi mmoja wa Massachusetts, mchongaji sanamu mwenye miaka 66, aliyetumia kompyuta aina ya Macintosh ambayo haikuweza hata kuendesha programu aliyodaiwa kuitumia. Shauri lake likaondolewa. Mwaka 2005 akadaiwa mwanamke wa West Virginia aliyekuwa amekwishafariki. Makosa haya hayakuwa ya bahati mbaya tu. Anwani ya intaneti hutaja laini iliyolipiwa bili, haitaji kidole kilichobonyeza kitufe. Kampuni ya simu ya Verizon ilikataa kutoa majina ya wateja bila shauri kufunguliwa kwanza, na Desemba 2003 Mahakama ya Rufaa ya Washington ikaiunga mkono. Tangu hapo wadai walilazimika kufungua mashauri dhidi ya watu wasiojulikana na kuomba majina baadaye. Utaratibu ulirekebishwa, lakini pengo kati ya laini na mtu lilibaki palepale.

Juu ya pengo hilo iliwekwa ngazi ya fidia ambayo haikutungwa kwa ajili ya nyumba za watu. Sheria ilimruhusu mdai kuchagua fidia iliyopangwa badala ya kuthibitisha hasara, na marekebisho ya mwaka 1999 yaliweka kiwango cha chini kuwa dola 750 kwa kila kazi, na cha juu, kwa ukiukaji wa makusudi, dola 150,000. Mchapishaji haramu wa maelfu ya nakala angeweza kuchukulia viwango hivyo kama gharama ya biashara. Kwa mtu wa mshahara, vilifanya jambo moja: vilifanya kwenda mahakamani kuwa wazimu. Wengi wa watu takriban 35,000 waliofikiwa na kampeni hiyo hadi ilipositishwa mwaka 2008 walilipa dola elfu chache bila kujitetea.

Mama mmoja wa Minnesota alikataa kulipa. Alidaiwa nyimbo 24, ambazo katika duka la iTunes zingegharimu chini ya dola 24. Baraza la wazee wa mahakama lilimtoza dola 222,000 Oktoba 2007. Jaji Michael Davis aliamuru shauri lianze upya baada ya kutambua kwamba alikuwa amewaelekeza vibaya, na Juni 2009 baraza la pili likamtoza dola 1,920,000, yaani dola 80,000 kwa wimbo mmoja. Jaji akaishusha hadi dola 54,000. Baraza la tatu, Novemba 2010, likasema dola 1,500,000. Jaji akarudi kwenye 54,000. Mabaraza hayo yalimwona mdaiwa kuwa si mkweli katika ushahidi wake, na huenda hawakukosea. Hata hivyo, raia waliokula kiapo walipewa ngazi isiyo na kipimo cha hasara, wakaambiwa wachague kidato. Walichokipima hakikuwa hasara ya kampuni. Kilikuwa hasira yao wenyewe. Miongoni mwa wadai katika shauri hilo ilikuwamo Sony BMG.

Nchini Ufaransa mjadala uleule ulichukua sura nyingine. Sheria iliyoitwa HADOPI, ya mwaka 2009, ilikusudia kumkatia intaneti aliyeonywa mara tatu, kwa uamuzi wa chombo cha utawala. Juni 10, 2009 Baraza la Katiba lilikataa, likieleza kwamba uhuru wa kujieleza siku hizi unahusisha kuingia mtandaoni, na kwamba sheria ilimtwisha mwenye laini mzigo wa kuthibitisha kwamba hana hatia. Bunge likarudi na kosa jipya: uzembe mkubwa katika kuilinda laini. Hapo mtu hakuadhibiwa tena kwa kunakili, aliadhibiwa kwa kutokuwa mlinzi mzuri wa mlango wake. Kwa lugha ya sheria ni suluhisho la kijanja. Kwa lugha ya wajibu lina walakini, maana linamwajibisha baba au mama kwa ufundi wa kompyuta ambao wengi hawana.

Septemba 2012 Mahakama ya Rufaa ya Marekani iliirudisha fidia ya mama wa Minnesota katika dola 222,000 zilezile za mwaka 2007, na Machi 2013 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza rufaa yake. Julai mwaka huo serikali ya Ufaransa ilifuta kwa amri adhabu ya kumkatia mtu intaneti kwa kosa la uzembe, ikabakiza faini.