Je, Simba wa Nairobi Wanaongezeka?

Msomaji, ukiwa mkazi wa Kaloleni, Jericho au Embakasi, huenda umesikia yasemwayo kila simba aonekanapo barabarani: kwamba wamezidi mno, hata mbuga imewashinda. Wahenga walinena, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Hata hivyo, mwanafunzi wa historia hana budi kulipima neno kabla ya kulipokea.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, hapakuwa na mji. Palikuwa na uwanda wa majani ambapo Wamasai waliwanywesha ng'ombe wao, na simba waliwawinda nyumbu na pundamilia. Mwaka uliofuata, katika stesheni ya Kima, simba aliingia ndani ya behewa akamwua Charles Ryall, ofisa wa polisi. Simba huyo hakuwa amekuja mjini. Reli ndiyo iliyokuwa imepita kwake.

Mwaka 1946 ilianzishwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ya kwanza nchini, yenye kilomita za mraba 117. Baadaye pande zake zilizoelekea mji zilizungushiwa ua, bali kusini, kwenye mto Mbagathi, paliachwa wazi ili wanyama waende Kitengela wakati wa mvua. Mji nao haukusimama. Baada ya Pumwani ya miaka ya 1920 ilikuja Kaloleni ya miaka ya 1940. Kiwanja cha ndege cha Embakasi kikafunguliwa mwaka 1958. Kisha zikaja Buruburu, Umoja na Dandora. Mwaka 1969 Nairobi ilikuwa na watu 509,286. Mwaka 2019 walihesabiwa 4,397,073.

Kitengela nako mashamba yaligawanywa, nyua zikaziba njia. Nyumbu waliokuwa makumi ya maelfu katika miaka ya 1970 walibaki elfu chache tu miaka arobaini baadaye. Basi, simba aliyepungukiwa na mawindo na kuzibiwa njia ataonekana wapi, kama si penye watu? Mwezi Machi 2016 simba alimjeruhi mtu kando ya barabara ya Mombasa. Siku chache baadaye mwingine, aliyeitwa Mohawk, alipigwa risasi huko Isinya na askari wa wanyamapori.

Sasa tazama hesabu. Katika sensa ya kwanza ya wanyamapori wa Kenya nzima, mwaka 2021, simba walikadiriwa kuwa 2,589. Shule chache kubwa za Eastlands zaweza kuwa na wanafunzi wengi kuliko simba wote wa nchi hii!

Sisemi haya ili kuidharau hofu ya watu. Mfugaji aliyeamka akakuta ng'ombe wake ameliwa hafarijiki kwa kuambiwa kwamba simba ni wachache. Lakini jibu la swali letu ndilo litakaloamua dawa. Tukiamini kuwa simba wamezidi, tutashika bunduki. Tukijua kuwa nchi yao imepungua, tutatafuta njia nyingine, kama ule mpango ulioanzishwa Kitengela mwaka 2000 wa kuwalipa wenye mashamba wasiyazungushie ua.

Kwa hiyo, msomaji, usikiapo kuwa mnyama amekuja mlangoni, uliza kwanza mlango huo ulijengwa lini, na kabla yake palikuwa na nini.