Mfumo wa Ubunifu wa Kanda: Istilahi na Huduma Zinazoipa Maana

Mfumo wa ubunifu wa kanda ni istilahi inayotumiwa na wanauchumi na wanajiografia kutaja jumla ya kampuni, vyuo, maabara, vyama vya wafanyabiashara na ofisi za umma zilizomo katika eneo moja la nchi, pamoja na uhusiano wa kila siku unaoziunganisha na kuziwezesha biashara za eneo hilo kutoa bidhaa mpya, kubadili namna ya kuzalisha au kuingia katika masoko ambayo hapo awali hazikuyafikia. Istilahi hiyo ilianza kupata umaarufu mwaka 1992, pale Philip Cooke wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Wales, alipochapisha makala iliyolinganisha namna maeneo mbalimbali yalivyozisaidia kampuni zake kupata teknolojia mpya. Miaka mitano kabla ya hapo, Christopher Freeman alikuwa ameandika kitabu kuhusu Japani, akionyesha kwamba nguvu ya viwanda vya nchi hiyo ilitokana na namna serikali, kampuni, watafiti na shule zilivyoshikamana. Hoja ya Freeman ilihusu taifa zima. Cooke na waliomfuata waliiteremsha ngazi moja, kwa kuwa ndani ya nchi ileile, yenye sheria zilezile na sarafu ileile, yako maeneo ambayo biashara zake hubuni kila mwaka na mengine ambayo hudorora.

Katika kuitafsiri istilahi hii, neno la kwanza linalohitaji uangalifu ni ubunifu. Kiswahili kina maneno matatu yanayokaribiana: ugunduzi, yaani kutambua jambo lililokuwapo bila kujulikana; uvumbuzi, yaani kufichua au kuunda kitu ambacho hakikuwahi kuonekana; na ubunifu, yaani kutunga au kusanifu jambo jipya kwa akili. Nchini Tanzania lugha ya serikali imechagua neno la tatu, na ndiyo maana husemwa sayansi, teknolojia na ubunifu, ilhali nchini Kenya wengi hutumia uvumbuzi kwa maana hiyohiyo. Uteuzi wa Tanzania una hoja nzito zaidi. Tangu Joseph Schumpeter alipoifafanua dhana hii mwanzoni mwa karne ya 20, haikuhusu mashine mpya pekee, bali pia njia mpya ya uzalishaji, soko jipya, chanzo kipya cha malighafi na mpangilio mpya wa biashara. Na Mwongozo wa Oslo, ambao Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) liliutoa kwa mara ya kwanza mwaka 1992 ili kuongoza upimaji wa ubunifu, unakubali kwamba kampuni imebuni hata pale ambapo jambo lililoingizwa ni jipya kwa kampuni yenyewe tu. Fundi seremala anayeanza kukausha mbao kwa tanuri badala ya jua amebuni kwa maana hii, ingawa hakuvumbua chochote.

Neno kanda lina tatizo la aina nyingine, kwa kuwa tayari lina kazi mbili. Katika diplomasia, ushirikiano wa kikanda ni ule wa nchi na nchi, kama ilivyo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Katika utawala wa ndani, Kanda ya Ziwa au Kanda ya Nyanda za Juu Kusini ni mkusanyiko wa mikoa ya nchi moja. Istilahi inayojadiliwa hapa ina maana ya pili, na kwa sababu hiyo umbo la mfumo wa ubunifu wa kikanda, ingawa ni rahisi kutamka, humpeleka msomaji kwenye mikutano ya wakuu wa nchi, mahali ambapo dhana haikukusudia kumfikisha. Kusema mfumo wa ubunifu wa mkoa kungeondoa utata huo, lakini kungeleta mwingine, kwa kuwa mkoa ni mpaka wa kiutawala wenye ofisi ya mkuu wake, wakati mfumo unaozungumziwa hufuata mahali ambapo kazi yenyewe inafanyika. Umbo la wa kanda, bila kiambishi ki-, ndilo linalobeba maana iliyokusudiwa kwa uchache wa hasara.

Sababu ya ukaribu wa mahali kupewa uzito huu inaeleweka mtu anapotazama aina za maarifa. Taarifa ni habari inayoweza kuandikwa na kutumwa popote; ujuzi ni uwezo wa kutenda; na maarifa ni uelewa unaomwezesha mtu kujua taarifa ipi itumike, lini na kwa namna gani. Michael Polanyi, katika kitabu chake cha mwaka 1966, alisisitiza kwamba binadamu hujua zaidi ya anavyoweza kusema, na sehemu hiyo isiyosemeka, ambayo kwa Kiswahili inafaa kuitwa maarifa fiche, huhama kwa watu kuonana, kushika kitu kimoja na kurekebishana. Hata maarifa yaliyoandikwa hayafai kitu kwa biashara isiyo na mtu wa kuyafasiri, jambo ambalo Wesley Cohen na Daniel Levinthal waliliita mwaka 1990 kwa jina linaloweza kufasiriwa kuwa uwezo wa kupokea maarifa. Kampuni kubwa hujijengea uwezo huo kwa kuajiri watafiti wake yenyewe. Kampuni ya watu sita haiwezi, na hapo ndipo taasisi za kanda zinapoingia.

Mfano ulioeleweka vizuri zaidi ni wa Emilia-Romagna, kaskazini mwa Italia. Mji wa Carpi, ulio karibu na Modena, kwa muda mrefu ulijulikana kwa kofia zilizosukwa kwa vipande vyembamba vya mti, na kazi hiyo ilipokosa soko, mikono ileile ya ususi na wafanyabiashara walewale waliojua wanunuzi wa nje walihamia kwenye nguo za kufuma baada ya Vita Kuu ya Pili. Karakana nyingi zilikuwa za familia, na wanawake wengi walifanya kazi majumbani kwao kwa oda za kampuni nyingine. Ilipofika miaka ya 1970, sweta za bei nafuu zilikuwa zikitoka katika nchi zenye ujira mdogo, na njia iliyobaki ilikuwa kuuza mtindo na ubora. Lakini mtindo unahitaji kujulikana mapema: rangi, aina ya uzi na umbo la vazi huamuliwa misimu kadhaa kabla nguo haijafika dukani, na mwenye karakana ndogo hana fedha ya kumtuma mtu kwenye maonyesho ya Paris wala muda wa kuchambua atakachorudi nacho.

Serikali ya Emilia-Romagna ilikuwa imeanzisha ERVET, wakala wa maendeleo ya uchumi wa eneo hilo, mwaka 1974, na mwaka 1980 kituo kiitwacho CITER kilifunguliwa mjini Carpi kwa ushirikiano wa vyombo vya umma na vyama vya wenye viwanda na mafundi. CITER haikugawa ruzuku wala haikufuma nguo. Ilikusanya na kuchambua mwelekeo wa mitindo, ikauwasilisha kwa wanachama wake kwa lugha ya uzi, rangi na mshono, ikahifadhi sampuli ambazo fundi aliweza kuzishika na kuzigeuza upande wa ndani, na ikasaidia kuleta usanifu wa nguo za kufuma kwa kompyuta katika karakana ambazo zisingethubutu kuununua zenyewe. Sebastiano Brusco, mwanauchumi aliyeandika mengi kuhusu eneo hilo, aliutetea msaada wa namna hii, ambao wataalamu wa Italia waliuita huduma halisi ili kuutenganisha na msaada wa fedha: biashara hupewa kitu inachokihitaji chenyewe, badala ya hela ya kwenda kukitafuta mahali ambapo huenda hakipo. Tofauti hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu mwenye karakana ambaye hajui kwamba ana upungufu wa taarifa hatatumia mkopo kununua taarifa. Atanunua mashine nyingine kama ile aliyonayo.

Jimbo la Baden-Württemberg nchini Ujerumani lilifuata njia tofauti kidogo, kwa kuwa Wakfu wa Steinbeis, ulioanzishwa mwaka 1971, uliwaruhusu maprofesa wa vyuo vya ufundi kuendesha vituo vidogo vya ushauri vinavyolipwa na kampuni zenyewe. Kampuni ikiwa na tatizo la chuma kinachopasuka, inajua mlango wa kubisha.

Huduma za maarifa, basi, ni jina la kazi zote hizi: upimaji wa ubora, ushauri wa kitaalamu, uchambuzi wa masoko, mafunzo, usanifu na msaada wa kukidhi viwango. Watafsiri wanaolitafuta jina la Kiswahili la huduma hizo aghalabu husahau kwamba wakulima wanalo kitambo. Ugani ni kazi ya mtaalamu kumfuata mzalishaji shambani, kuona tatizo lilivyo, kumpelekea matokeo ya utafiti na kumrudishia mtafiti maswali ya shamba. Hakuna mkulima anayezungumza Kiswahili anayehitaji kueleweshwa afisa ugani ni nani. Dhana ya huduma za maarifa kwa biashara ndogo haina tofauti na hiyo isipokuwa shamba limekuwa karakana, na ugani wa biashara ni istilahi inayojieleza zaidi kuliko tafsiri nyingi zilizojaribiwa.

Zanzibar inatoa mfano wa karibu. Kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja, katika vijiji kama Paje na Jambiani, na sehemu kubwa ya wakulima wake ni wanawake. Kwa miaka mingi kazi ilikuwa kufunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizokazwa baina ya vijiti maji yanapokupwa, kuvuna, kuanika na kuuza kwa kilo kwa wanunuzi waliousafirisha nje ili utolewe karagenani, kiungo kinachogandisha na kulainisha vyakula, dawa za meno na vipodozi. Kisha bahari ilipozidi kupata joto, aina ya mwani iitwayo kotoni, yenye bei nzuri zaidi, ikawa inakufa katika maji ya kina kifupi, na wakulima wakabaki na spinosum yenye bei ndogo.

Mwaka 2006 likaundwa kongano la mwani la Zanzibar, ambapo neno kongano lina maana ya mkusanyiko wa wazalishaji wa kazi moja pamoja na taasisi zinazowahudumia. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, maofisa wa serikali na wakulima walikaa pamoja, na huduma ikawa ya pande mbili: wanawake walijifunza kuusaga mwani kuwa unga na kutengeneza sabuni kwa unga huo, mafuta ya nazi na viungo kama karafuu, huku watafiti wakijifunza kutoka kwao kwamba kupanda mwani kwenye maji ya kina kirefu, ambako joto ni pungufu, kunataka mashua na watu wanaojua kuogelea, na wengi wa wakulima hawakuwa na vyote viwili. Jibu la kisayansi kuhusu joto lilikuwapo. Bila mazungumzo ya ufukweni lingebaki katika ripoti. Aliyekuwa akiuza malighafi tu akawa na bidhaa inayouzwa kwa kipande, na hapo ubunifu ulitokea kwa maana kamili ya Schumpeter: bidhaa mpya, njia mpya na soko jipya.

Tanzania Bara haina uhaba wa taasisi. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lilianzishwa mwaka 1973 na lina ofisi mikoani. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Na viko vituo atamizi vinavyolea kampuni changa. Jina la SIDO lenyewe linataja kuhudumia, na hilo ni sahihi kuliko majina mengi ya kisasa. Kipimo cha haki cha kila chombo cha aina hii ni mara ngapi mtaalamu wake amevuka kizingiti cha karakana na amerudi na swali gani, kwa kuwa chuo, maabara na kiwanda vinaweza kupakana ukuta kwa ukuta miaka 20 bila kuwa mfumo.

BAKITA na BAKIZA, vyombo rasmi vya kusimamia Kiswahili nchini Tanzania, vinapoiingiza istilahi hii katika orodha zao, viipe umbo la mfumo wa ubunifu wa kanda, viandike ugani wa biashara kando yake, na viitaje huduma ndani ya fasili yenyewe, kwa sababu fasili inayoishia kwenye taasisi itawafundisha wapangaji kuhesabu majengo.