Shene ya moto: namna inachakaa na wakati wa kuibadilisha

Wamotari wengi wa Goma, Butembo ao Bukavu husema shene "imevutika". Kwa kweli si chuma kinachovutika. Ndani ya kila kiungo kuna kipini kinachozunguka. Vumbi ikiingia pale, inakisaga polepole. Kila kiungo kikilegea kidogo tu, na viungo vinapita mia moja, shene nzima inarefuka. Kule Goma vumbi nyeusi ya mawe ya volkano ni kali sawa vile msasa, na mvua inaigeuza matope.

Shene iliyorefuka haikai tena vizuri. Inapanda juu ya meno ya pinyo ya mbele na kurone ya nyuma, inayala mpaka yanachongoka na kuinama sawa ndoano. Ndiyo sababu kutia shene mpya juu ya meno ya zamani ni kutupa feza: itakwisha mbio kuliko ile ya kwanza. Vyote vitatu vinabadilishwa pamoja, hata kama muuzaji wa piese anasema pinyo iko bado nzuri.

Namna ya kujua ni rahisi. Moto ikiwa imezimwa, shika shene pale nyuma kabisa ya kurone, uivute inje. Ikiachana na meno mpaka karibu nusu ya jino inaonekana, imekwisha. Mwenye rula apime: kwa shene ya 428, ambayo moto nyingi za 125 na 150 zinatumia, viungo 20 vipya vina milimita 254, kutoka katikati ya kipini cha kwanza mpaka katikati ya kile cha 21. Vikifika 259, asingoje tena.

Kukaza kila siku hakuponyi shene iliyochakaa, na kukaza kupita kiasi kunaharibu rulema. Hatari yenyewe iko kwenye mlima, na abiria nyuma: shene ikikatika, moto inakosa nguvu na kuanza kurudi, ikijifunga ku pinyo, gurudumu la nyuma linakwama mara moja.

Mafuta machafu yaliyotoka ku moteri, yale wengi wanamwangia shene juu ni ya bure, yana unga wa chuma ndani. Afazali kusugua shene kwa brosi na mazuti, kuipanguza, kisha kutia mafuta safi kidogo upande wa ndani. Moteri izimwe kwanza: kurone inayozunguka inakata vidole.