Suti ya Mwezini Ilishonwa kwa Cherehani

Zamu ya kuleta historia ni yangu, na mimi nimeleta historia ya nguo. Msicheke kwanza, someni hadi mwisho.

Mwaka jana jirani yetu mmoja alinikuta natoka darasa la ushonaji, tepu bado iko shingoni. Akaniambia, "Kaka, wewe si ndiye ulikuwa unaongoza darasani? Leo uko kwenye cherehani? Basi umeshakata tamaa." Sikumjibu. Niliumia, kwa sababu hata mimi moyoni nilikuwa nawaza hivyo hivyo. Nilijiandikisha ushonaji kwa kuwa nafasi za kompyuta zilikuwa zimejaa.

Jibu lake nimekuja kulipata baadaye, tena mahali ambapo sikutegemea: kwenye historia ya safari ya Mwezini.

Tarehe 20 Julai 1969 kwa saa za Marekani (huku Afrika Mashariki ilikuwa tarehe 21, karibu saa 12 asubuhi), Neil Armstrong alikanyaga Mwezi. Buzz Aldrin akamfuata. Walitembea nje ya chombo kwa karibu saa mbili na nusu. Shuleni tulisoma habari za roketi, lakini hakuna aliyetuuliza: jamani, walivaa nini?

Swali hilo si la mapambo. Mwezini hakuna hewa. Penye jua joto linapita nyuzi 100, na usiku wake baridi inashuka zaidi ya nyuzi 100 chini ya sifuri. Mtu akikosa hewa kule, anapoteza fahamu ndani ya sekunde chache tu. Kilichosimama kati ya wale watu na kifo kilikuwa nguo. Na nguo ina fundi.

Mwaka 1965 shirika la anga la Marekani, NASA, lilishindanisha suti za makampuni matatu. Mawili yalikuwa wazoefu wa mambo ya ndege na marubani. La tatu lilikuwa International Latex Corporation la mji wa Dover, jimbo la Delaware. Watu waliijua kampuni hiyo kwa jina la Playtex, na bidhaa zake zilikuwa sidiria, mikanda ya kubana tumbo na nguo za mpira za watoto wachanga. Kwenye majaribio, suti moja ya washindani ilifyatuka kofia. Nyingine ilikuwa na mabega mapana mno, mvaaji akashindwa kurudi ndani kupitia mlango wa chombo. Waliobaki juu ni wale wa sidiria.

Kwa nini walishinda? Chukua mpira wa ndani wa baiskeli, ujaze upepo, halafu jaribu kuukunja. Unakataa, unarudi ulivyokuwa. Suti ya anga iko hivyo hivyo: ikijazwa hewa inakakamaa, na aliye ndani hawezi kukunja goti wala kiwiko. Sasa, watu wa Dover walikuwa wametumia miaka mingi kutengeneza vitu vya mpira na kitambaa vinavyobana mwili bila kuuzuia kuinama. Kwenye viungo vya suti waliweka mpira wenye mikunjo mikunjo, ukaweza kujikunja bila kupasuka. Ile elimu ya sidiria ndiyo iliyofika Mwezini.

Lakini wazo peke yake halivaliki, lazima mtu akae ashone. Walioshona walikuwa wanawake wa kawaida waliotoka kwenye kazi za kiwandani. Mmoja wao, Eleanor Foraker, alikuwa anashona nguo za watoto wachanga kabla ya kuhamishiwa kwenye suti, na baadaye akawasimamia wenzake. Mwingine ni Hazel Fellows, ambaye picha yake akiwa kwenye cherehani ya Singer inaonekana hadi leo. Cherehani ya Singer! Ile ile ambayo bibi zetu walikuwa nayo.

Suti ilikuwa na tabaka 21, na mshono ukikosea kwa sehemu moja ya 32 ya inchi, yaani chini ya milimita moja, kipande kilikataliwa. Kila mwanaanga aliyepangwa kwenda alishonewa suti tatu kwa vipimo vyake mwenyewe: ya mazoezi, ya safari na ya akiba. Pini za kushikia kitambaa ziliogopwa kama nyoka, kwa sababu pini moja iliyosahaulika ndani ingeweza kutoboa suti. Ikafika hatua wakaweka mashine ya eksirei ya kuchungulia kama kuna pini imebaki. Na baada ya moto wa Januari 1967 kuwaua wanaanga watatu kwenye majaribio hapa hapa duniani, tabaka la nje likabadilishwa kuwa kitambaa cha nyuzi za kioo, kisichoshika moto. Mafundi wakaanza kujifunza upya.

Kati ya mwaka 1969 na 1972 watu 12 walitembea Mwezini wakiwa na suti za Dover. Hakuna suti iliyopasuka. Wote 12 walirudi.

Niliposoma haya niliwasimulia wenzangu darasani, na tukaamua kushona mfano wa suti hiyo kwa ajili ya Siku ya Wakimbizi, tarehe 20 Juni. Vifaa vyetu: turubai chakavu lililotoka kwenye paa, salfeti za unga, dumu la maji kwa mzigo wa mgongoni, na helmeti ya bodaboda iliyokufa kioo. Tulidhani ni kazi ya siku mbili, ikachukua wiki tatu.

Shida ilikuwa kiwiko. Turubai lilikuwa gumu, na mwenzetu alipovaa alisimama mikono imenyooka kama sanamu ya shambani ya kufukuzia ndege. Tulifumua mara ya kwanza, tukafumua mara ya pili. Ndipo mwalimu wetu, mama mmoja wa Uvira, akauchukua ule mkono, akaukunja juu ya goti lake, akanyamaza kidogo. Akasema, "Wanangu, mnashona bomba. Mkono wa mtu si bomba." Akatuwekea marinda sehemu ya kiwiko, mapana nyuma na madogo mbele. Mwenzetu akavaa, akakunja mkono, akapiga saluti. Tulipiga kelele hadi majirani wakaja.

Mama yule hajawahi kusoma habari za Dover. Alipita njia ile ile kwa sababu anaujua mwili na anajua kitambaa. Hiyo ni elimu kamili, ila haina cheti.

Kuna jambo moja nimeliacha makusudi hadi hapa. Aliyeanzisha ile kampuni mwaka 1932 aliitwa Abram Spanel. Alizaliwa Odessa katika familia ya Wayahudi, na wakakimbia akiwa bado mtoto kwa sababu Wayahudi walikuwa wanashambuliwa. Walipita Ufaransa, kisha Marekani. Sisemi kila mkimbizi atakuwa tajiri, tusidanganyane. Nasema tu kwamba yule mtoto alipofika, hakuna aliyejua mzigo wake una nini ndani.

Kwa ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, ombi langu ni dogo. Msitupe cherehani kama njia ya kumalizana nasi. Miezi mitatu ya kushona mifuko, picha, cheti, kwaheri. Tufundisheni vipimo, ukataji, viungo, hesabu za kazi na namna ya kupata soko. Wale mama wa Dover waliaminiwa kazi ngumu, ndiyo maana ugumu wao ukaonekana.

Na kwa vijana wenzangu: yule jirani juzi kaniletea suruali nimpunguzie. Sikumkumbusha maneno yake. Nilimpima mara mbili, nikakata mara moja, na mshono wangu haukupinda.

Kama kwenu kuna fundi anayedharauliwa, tuandikie anajua kufanya nini. Tungependa kusoma habari zake hapa.