Kusoma Tarehe za Sarafu za Kale katika Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Tanganyika

Sarafu ni hati ya historia kama ilivyo barua au mkataba: ina mtoaji, ina tarehe, na ina msomaji aliyekusudiwa. Anayekosea tarehe yake hukosea pia historia anayoijenga juu yake.

Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, biashara ya ziwa iliendeshwa kwa nguo na shanga. Sokoni Ujiji, shanga ziitwazo sofi zilihesabiwa kama fedha. Mwishoni mwa karne ya 19 mwambao huo uligawanywa. Uvira iliwekwa katika Dola Huru ya Kongo, Usumbura na Ujiji zikawa za Wajerumani, na kila upande ukawa na sarafu zake.

Inayohitaji uangalifu zaidi ni pesa ya shaba ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyotolewa kati ya 1890 na 1892. Pesa 64 zilikuwa rupia moja. Upande mmoja una tai, jina la kampuni kwa Kijerumani na mwaka wa Kikristo. Upande wa pili una jina la kampuni kwa Kiarabu, likitumia mzizi uleule uliokipa Kiswahili neno shirika, pamoja na mwaka wa Hijria: 1307, 1308 au 1309.

Hapa pana mitego mitatu. Kwanza, maneno husomwa kutoka kulia, lakini tarakimu husomwa kutoka kushoto. Pili, sifuri ni nukta tu. Ikifutika, 1307 hubaki 137. Tatu, saba hufanana na herufi V, na nane ni umbo hilohilo lililopinduliwa. Kwa hiyo ni lazima maneno yasimamishwe sawasawa kabla ya kusoma mwaka.

Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11. Ili kupata mwaka wa Kikristo kwa kukadiria, hutolewa asilimia 3, kisha hujumlishwa 622. Hivyo 1307 kutoa 39 ni 1268. Ukijumlisha 622 hupatikana 1890, mwaka ulioandikwa upande wa pili. Kanuni hiyohiyo huifaa pesa ya Sultani Barghash wa Unguja, isiyo na mwaka wa Kikristo: 1299 yake ni takriban 1882.

Maandishi hayo yaonyesha kwamba kampuni ilimhitaji mfanyabiashara aliyesoma herufi za Kiarabu. Heller za serikali ya Kijerumani, zilizoanza 1904, hazina tena herufi hizo; mtawala alikwisha kujiona hana haja ya kumwandikia mtu huyo. Upande wa Kongo, sarafu za 1887 zilikuwa na Kifaransa, na zile za 1909 Kifaransa na Kiflemi. Hakuna lugha ya wenyeji iliyopewa nafasi. Mwaka 1916 Wajerumani walitengeneza sarafu za dharura Tabora. Mwezi Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji huo.

Kwa hiyo sarafu ya kale ipatikanapo Uvira, yafaa pande zake zote mbili zinakiliwe kabla haijasafishwa. Kuisugua ili ing'ae kwaweza kuiondoa nukta moja, na pamoja nayo mwaka ambao hauna ushahidi mwingine.