Bangaloo

Remba, kisiwa cha mawe cha Homa Bay katika Ziwa Victoria, kimejaa vibanda vya mabati vilivyobanana. Bangaloo haina nafasi hapo.

Neno lenyewe limesafiri sana. Asili yake ni Uhindi: nyumba ya mtindo wa Bengal, ya chini, yenye paa pana na baraza. Waingereza walilichukua huko, likatua Kenya. Mfano maarufu ni nyumba ya Karen Blixen, mwandishi wa Denmark, jijini Nairobi: ilijengwa 1912, Denmark ikaikabidhi Kenya 1964, na baada ya ukarabati ikawa makumbusho 1986. Baraza bado ipo.

Siku hizi madalali huita bangaloo nyumba yoyote isiyo na ghorofa, hata ile ambayo haina pa kuweka kiti nje. Baraza ndiyo roho ya neno hili, lakini nani atawaambia?

Na mwenye bangaloo kuukuu akitaka bustani ya mimea ya jangwani, asihangaike kuagiza ng'ambo. Mshubiri upo, mkonge upo, na mnyaa pia, ambao Waluo huuita ojuok na kuupanda uwe ua wa boma. Ukivunja kitawi chake, utomvu mweupe huchuruzika papo hapo; ukikuingia jichoni, utakimbilia hospitali.