Padri na Dakika za Kwanza

Mwaka 1931 Georges Lemaître, padri Mkatoliki na mwanafizikia wa Ubelgiji, alieleza kwamba ulimwengu ulianza ukiwa mdogo na mzito mno. Mwaka 1948 Ralph Alpher na George Gamow walionyesha jinsi heliamu ilivyoweza kufanyika kutokana na haidrojeni katika joto kali la dakika za kwanza. Mwaka 1951 Papa Pius XII aliona humo ushuhuda wa uumbaji. Lemaître hakufurahi: nadharia yaweza kubadilika, imani isiegemezwe juu yake.

Wapendwa, haidrojeni iliyomo katika maji ya ubatizo ni ya kale kuliko nyota. Tustaajabu na kushukuru. Lakini tumaini letu ni Neno lililo pamoja na maji hayo.